Maswali na Majibu ya Ufundi: Macho Yanaweza Kuamua Nini Kuhusu Valvu?

Barua kuhusu valvu zimekuwa nyingi kiasi kwamba ukurasa wote wa toleo hili nimezitengea hizo peke yake. Nazungumzia valvu za redio na amplifaya, yaani zile chupa za kioo zilizoondolewa hewa, zenye filamenti (waya unaopashwa moto), gridi (wavu unaoongoza mkondo) na anodi (bati linalopokea elektroni) ndani yake. Waliouliza kuhusu valvu za injini wavute subira.

SWALI: Ndugu Mshauri, marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio, na ameniachia sanduku lililojaa valvu, nyingi zikiwa hazina boksi. Sina mashine ya kuzipimia. Karibu zote zina doa linalong'aa ndani ya kioo, ama kileleni ama ubavuni. Moja ina doa jeupe kama maziwa, na nyingine mbili zina ukahawia pembezoni mwa doa. Je, ninaweza kutenga nzima na mbovu kwa kuzitazama tu?

JIBU: Mungu amrehemu mzee. Unaweza kuzitenga baadhi ya zilizokufa, na kazi hiyo pekee itakupunguzia sanduku, lakini macho hayatakuthibitishia kwamba zilizobaki ni nzima. Tofauti hii ishike vizuri, maana wasomaji wengi walioandika wameipuuza na kuishia kununua takataka au kutupa mali.

Anza na ile yenye doa jeupe. Doa linalong'aa ni utando mwembamba wa bariamu. Kiwandani, baada ya pampu kuvuta hewa na kioo kuzibwa, valvu ilizungushiwa koili yenye mkondo wa masafa ya juu. Koili hiyo ilipasha moto pete au kibakuli kidogo cha chuma kilichomo ndani, bariamu iliyokuwa humo ikageuka mvuke, kisha mvuke ukaganda kwenye kioo kilichokuwa baridi. Mafundi huuita utando huo geta, na ukitazama vizuri chini ya doa utaiona pete yenyewe ikiwa imeshikiliwa na waya mmoja au miwili. Kazi ya geta haikuishia kiwandani. Metali, mika na kioo hutoa gesi kidogo kidogo kila vinapopata joto, na bariamu huinasa gesi hiyo kwa muda wote wa maisha ya valvu. Hewa ya nje ikipenya, bariamu huungana na oksijeni na unyevu, na kilichokuwa metali ing'aayo hubaki ukoga mweupe. Valvu yako hiyo imeingiwa na hewa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Usiiwashe hata kwa udadisi: filamenti itaungua, na ikiwa ni rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) au valvu ya mwisho ya amplifaya inaweza kupiga cheche ndani na kuunguza vifaa vilivyo jirani nayo.

Kabla ya kuitupa, itafute njia iliyopitia hewa, kwa sababu itakufundisha kuzikagua nyingine. Katika valvu ndogo zenye pini saba au tisa zilizopenyezwa moja kwa moja kwenye kioo, sehemu mbili ndizo dhaifu. Ya kwanza ni ile ncha iliyochongoka juu, mahali ambapo bomba la kuvutia hewa lilikatwa kwa moto. Ikigongwa kidogo tu huvunjika. Ya pili ni kioo kinachozunguka mzizi wa kila pini. Ielekeze valvu kwenye taa na uizungushe polepole: ufa hujionyesha kama mstari unaometa kwa pembe moja kisha ukapotea ukiendelea kuzungusha. Nyufa za hapo mara nyingi husababishwa na mtu aliyeisukuma valvu kwenye soketi pini zikiwa zimepinda. Katika valvu kubwa zenye kitako cheusi cha pini nane, ncha ya kuvutia hewa kwa kawaida imefichwa ndani ya kitako, kwa hiyo ufa wa huko hutauona. Utaona matokeo yake tu, yaani weupe.

Sasa zile mbili zenye ukahawia. Hapa usiwe na haraka. Utando wa bariamu ni mnene katikati na mwembamba pembezoni, na pale unapokuwa mwembamba sana huonekana wa kahawia, mweusi au hata wenye rangi za upinde wa mvua, jambo ambalo hutokea pia kwa valvu ambayo haijawahi kuwashwa. Ni kweli kwamba matumizi ya muda mrefu hula doa kuanzia pembezoni: ukingo uliokuwa mkali hufifia, ukahawia hupanuka, na mwishowe kioo hubaki kitupu pale palipokuwa na rangi ya fedha. Lakini ukubwa wa doa ulitofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na wakati mwingine kati ya fungu moja na jingine la kiwanda kilekile. Ulinganisho wenye maana ni wa valvu mbili za aina moja, za kiwanda kimoja, zenye pete ya geta ya umbo moja. Ukiwa na mbili za namna hiyo, moja doa lake limejaa na nyingine limebaki ukanda mwembamba, basi ya pili imefanya kazi zaidi au imelazimika kunasa gesi nyingi zaidi. Hilo halimaanishi imechoka. Nimepima valvu zenye doa lililoliwa nusu zikasoma vizuri, na zenye doa zuri la kupendeza zikawa hazitoi elektroni zozote za maana.

Angalizo moja kabla hujaanza kuzisafisha: usiziguse kwa kitambaa chenye maji wala spiriti mahali penye maandishi. Rangi ya maandishi ya valvu nyingi hutoka kwa kidole tu, na valvu isiyo na namba itakutesa zaidi kuliko yenye vumbi.

SWALI: Katika valvu zangu za zamani ipo ambayo haina doa lolote, nyingine kioo chake chote kimepakwa fedha hadi ndani hakuonekani, na nyingine ni ya chuma kitupu. Je, hizi nazo zimeharibika?

JIBU: Hapana, si kwa dalili hizo. Valvu nyingi za miaka ya 1920, mfano 201A ya Marekani, zilitumia magnesiamu badala ya bariamu, na utando wake wa rangi ya fedha ulifunika karibu kioo chote. Zipo pia za enzi hiyo zilizotumia fosforasi, ambayo huacha kivuli chekundu au cha rangi za upinde wa mvua. Valvu kubwa za transmita, yaani mitambo ya kurushia mawimbi ya redio, mara nyingi hazina doa kabisa kwa sababu anodi yenyewe imepakwa zirkoniamu, inayonasa gesi ikiwa ya moto. Zile za chuma zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1935 hazikuachi uone chochote. Kwa hizo tumia mita, na macho yapumzike.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nimenunua amplifaya ya gitaa iliyotumika. Taa zikizimwa chumbani, naona mwanga wa buluu mzuri ndani ya valvu mbili kubwa, na unachezacheza nikipiga nyuzi kwa nguvu. Rafiki yangu ananiambia valvu zimeingiwa na gesi na zitalipuka. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana. Kabla ya kumjibu rafiki yako, tazama tena ukiwa na swali moja tu kichwani: mwanga huo uko wapi?

Ikiwa umeshikamana na uso wa ndani wa kioo, au unaonekana kama doa la buluu iliyokolea kwenye kioo mkabala na matundu ya anodi, wakati nafasi kati ya metali ni giza, basi hiyo si gesi. Ni elektroni zilizopita pembeni mwa anodi na kukipiga kioo, na kioo hung'aa kinapopigwa. Valvu za nguvu kama 6L6GC, EL34 na KT88 hufanya hivyo mara kwa mara zikiwa katika afya nzuri, na mwanga hucheza na muziki kwa sababu wingi wa elektroni hubadilika na muziki. Ukisogeza sumaku ndogo karibu na kioo kwa nje, utaona doa likihama. Wapo wanaochukulia buluu hiyo kuwa alama ya ombwe zuri, yaani kwamba hewa imeondolewa vizuri. Mimi siendi mbali hivyo, nasema tu kwamba si ugonjwa.

Gesi hukaa kwingine. Elektroni zinapogonga molekuli za gesi zilizobaki ndani, hizo molekuli hugeuka ioni na kutoa mwanga wa waridi, zambarau au buluu iliyopauka, na mwanga huo hujaa kama ukungu kati ya kathodi (sehemu inayotoa elektroni) na anodi, si juu ya kioo. Ukungu wa namna hiyo ni jambo zito. Ioni chanya huvutwa na gridi yenye volti hasi, mkondo wa kinyume hupita kwenye rezista ya gridi, bayasi (volti hasi ya gridi inayozuia mkondo usizidi) hupungua, valvu huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata joto zaidi, na joto hutoa gesi zaidi. Mzunguko huo ukianza unaweza kuimaliza valvu kwa dakika chache, na pengine kuondoka na transfoma ya kutolea sauti. Zima, ing'oe, usiirudishe. Kulipuka hailipuki.

Kuna familia nzima ya valvu ambazo zambarau na buluu ndiyo kazi yake. Vidhibiti volti kama 0A2 na VR150 vimejazwa gesi kwa makusudi, na kisipowaka ndipo uwe na wasiwasi. Rektifaya za zebaki kama 83 na 866A hutoa mwanga mkali wa buluu zikiwa kazini. Hizo zina masharti yake, hasa kuziacha filamenti zipate joto kwanza kabla ya volti ya juu kuingia. Kwa hiyo soma namba kabla ya kutoa hukumu.

SWALI: Mshauri, amplifaya yangu ina valvu mbili za EL34. Moja inaonyesha wekundu kwenye ubavu wa bati lake la nje baada ya dakika tano, nyingine haionyeshi. Sauti bado ni nzuri. Niendelee kuitumia hadi itakapokufa?

JIBU: Usiendelee hata kwa jioni moja. Bati hilo la kijivu ndilo anodi, na katika EL34 limetengenezwa kubeba wati 25. Wekundu unaouona maana yake limebebeshwa zaidi ya hapo, na lisipopumzishwa hutoa gesi iliyokuwa imejificha ndani ya metali, kioo hulainika, na wakati mwingine hunyonywa kuelekea ndani kikaacha bonde. Nimeshika valvu zenye bonde kama hilo. Kidole gumba huingia vizuri.

Ila nakuomba usiilaumu valvu moja kwa moja. Wekundu wa anodi unaonekana kwenye valvu, lakini mara nyingi chanzo chake kiko kwenye saketi. Zima, acha ipoe, badilisha valvu hizo mbili nafasi, kisha washa ukiwa umesimama mbele yake. Wekundu ukiihama soketi na kuifuata valvu, valvu ndiyo yenye kosa. Ukibaki kwenye soketi ileile ingawa valvu ni nyingine, tafuta kwenye soketi hiyo. Washukiwa wakuu ni pini ya gridi isiyogusa vizuri kwa sababu ya kutu, rezista ya bayasi iliyokatika, na kapasita inayopitisha sauti kutoka hatua iliyotangulia, ambayo ikianza kuvuja huleta volti chanya kwenye gridi na kuifuta bayasi.

Kapasita na valvu yenye gesi huonyesha dalili moja, na njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Pima volti ya gridi, ambayo katika EL34 ni pini ya 5, valvu ikiwa kwenye soketi. Kisha zima, ing'oe valvu, washa tena kwa muda mfupi, upime palepale. Kama gridi ilisogea upande wa chanya valvu ikiwapo, na bado imesogea ikiwa haipo, kapasita inavuja. Kama imerudi kwenye volti yake ya kawaida mara valvu ilipoondolewa, gesi iko ndani ya valvu. Humo ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita za umeme huzihifadhi hata baada ya kuzima na kuchomoa waya. Pima kwa mkono mmoja, ule mwingine uwe mfukoni, na kama hujawahi kufanya kazi ya namna hii mpelekee aliyewahi.

Msomaji mwingine mwenye transmita ya redio ya ridhaa amelalamika kwamba valvu zake za 3-500Z huwa nyekundu kila anapotangaza. Hizo zimeundwa hivyo. Anodi yake hunasa gesi ikiwa nyekundu, na ikikaa baridi siku zote ndipo ombwe lake hudhoofika.

SWALI: Redio yangu ndogo ya mezani ya Kimarekani yenye valvu tano imezimika ghafla, na hakuna hata moja inayowaka. Zote tano zimekufa kwa pamoja? Macho hayanionyeshi tofauti yoyote kati yao.

JIBU: Karibu bila shaka imekufa moja. Redio za aina hiyo hazina transfoma ya umeme. Hita zote, yaani nyaya zinazopasha kathodi joto, zimefuatana kwenye mstari mmoja. Orodha ya kawaida ni 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4, na ukijumlisha volti za hita zake unapata takriban 123, ndiyo maana zinaungwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 110 hadi 120. Mmoja akikatika katika foleni hiyo, wote hulala giza. Macho hayakusaidii kwa sababu hita imo ndani ya mrija wa kathodi, na mpasuko wake ni mdogo kuliko unywele.

Zing'oe moja moja na upime omu kati ya pini ya 3 na ya 4, ambazo ndizo za hita kwa zote tano. Isiyosoma kitu ndiyo mkosaji. Nyingine zitasoma chini sana kuliko hesabu inavyodai, kwa mfano 12BA6 yenye volti 12.6 na ampea 0.15 ingepaswa kuwa omu 84, lakini hizo ni omu za hita ikiwa ya moto. Baridi husoma sehemu ndogo tu ya hapo. Kwa kuwa redio hizi hazina transfoma, chesisi yake inaweza kuwa na umeme wa ukutani wakati wowote. Usiishike ikiwa imechomekwa, isipokuwa umeilisha kupitia transfoma ya kutenganisha.

Hapohapo niwajibu wawili walioshtushwa na valvu zinazowaka kwa namna isiyo ya kawaida. Baadhi ya ECC83 za Ulaya, zikiwemo za Mullard, hutoa mmweko mkali mweupe chini ya kathodi kwa sekunde moja zinapowashwa, kwa sababu kipande cha hita kilicho nje ya mrija hupata moto haraka kuliko sehemu nyingine. Zimefanya hivyo tangu zilipokuwa mpya. Valvu za betri za volti 1.4, kama 1T4 na 1R5, filamenti yake haionekani ikiwaka isipokuwa gizani, na hata hapo kwa shida. Kinyume chake, valvu za transmita zenye filamenti ya tungsteni yenye thoriamu hung'aa kama taa ya kusomea, kwa kuwa hufanya kazi juu ya nyuzi 1,600 za selisiasi wakati kathodi ya kawaida yenye oksidi hutosheka na karibu nyuzi 800. Ung'avu hulinganishwa kati ya valvu za aina moja.

SWALI: Muuzaji mmoja ananiuzia valvu za nguvu akidai ni za zamani ambazo hazijawahi kutumika. Zina boksi, doa la fedha ni safi, ila kioo kina kivuli cha kijivu upande mmoja. Ana pia nyingine yenye kioo cheusi chote, anasema kimeungua. Nimwamini?

JIBU: Kivuli cha kijivu au kahawia kinachochora umbo la tundu la anodi kwenye kioo ni metali na oksidi zilizopeperuka kutoka ndani na kuganda pale kwa saa nyingi za kazi. Valvu mpya haina kivuli hicho. Akikiri kwamba zimetumika na akashusha bei, si lazima uzikatae. Akiendelea kushikilia kwamba hazijawahi kuwashwa, ondoka.

Ile nyeusi yote ni kisa tofauti. Viwanda kadhaa vilipaka kaboni ndani ya kioo ili elektroni zilizopotea zisirukeruke kwenye kioo, na 6L6G za namna hiyo ni nyingi. Weusi wa kiwandani umeenea sawasawa na una mpaka ulionyooka. Weusi wa kuungua una mabaka.

Boksi halithibitishi kitu. Boksi huhama, na hata viwanda vyenyewe viliuziana valvu na kupigiana chapa. Tazama pini: kila valvu inapoingizwa kwenye soketi hupata mikwaruzo ya urefu, nayo huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ya mara moja au mbili ni ya mtu aliyeipima. Mingi iliyopishana ni ya kazi. Tazama pia kitako, maana maandishi yaliyopauka upande uliokabili anodi na bakelaiti iliyopoteza mng'aro ni dalili za joto la muda mrefu. Kwa valvu za Mullard, usisome rangi tu, soma msimbo mdogo uliochorwa kwenye kioo karibu na kitako: herufi B ni ya kiwanda cha Blackburn na R ni ya Mitcham. Chapa inaweza kupakwa upya jioni moja, lakini msimbo uliochorwa kwenye kioo ni shida kuughushi.

SWALI: Valvu ikitikiswa ikalia ndani, au kitako kikicheza, ni ya kutupa?

JIBU: Kitako kinachocheza hakina uhusiano na ombwe. Gundi ya zamani imekauka. Gundisha upya kwa gundi inayostahimili joto na uhakikishe huzungushi kioo, la sivyo nyaya za ndani zitagusana. Kofia ya chuma ya juu iliyolegea hutengenezwa kwa namna hiyohiyo, mradi waya wake haujakatika usawa wa kioo.

Mlio unahitaji macho. Igeuze juu chini mbele ya taa uone kinachosogea. Chembe ya mika au kipande kidogo cha kioo kilichobaki tangu kiwandani mara nyingi hakina madhara. Kipande cha chuma kinachoweza kulala kati ya gridi na kathodi ni hatari, na magamba meupe yaliyodondoka kutoka kathodi ni mabaya zaidi, hasa katika rektifaya kama 5Y3 na GZ34 ambamo unaweza kuyaona mahali yalipobanduka. Valvu iliyoacha magamba usiiweke mahali pa volti ya juu.

SWALI: Fundi wangu anashikilia kwamba valvu yenye doa zuri la fedha na hita inayowaka vizuri ni nzima, basi. Mimi nina EL84 yenye sifa zote hizo na sauti yake ni hafifu. Nani yuko sahihi?

JIBU: EL84 yako ndiyo iliyo sahihi. Doa linaeleza habari za ombwe, na hita inaeleza kwamba waya haujakatika. Kinachofanya kazi hasa ni tabaka la oksidi za bariamu na strontiamu lililopakwa kwenye kathodi, nalo huchoka bila kubadilika rangi kwa namna ambayo jicho lingeweza kuitegemea. Tena limefunikwa na gridi na anodi, kwa hiyo hata lingebadilika usingeliona.

Wahandisi wa kompyuta za kwanza walilijua hili mapema. Tommy Flowers, aliyejenga Colossus iliyoanza kazi Bletchley Park nchini Uingereza mwaka 1944, alishikilia kwamba maelfu ya valvu yangeweza kutegemewa mradi zisizimwe, kwa kuwa nyingi hufa wakati wa kuwashwa, na alikuwa sahihi. Lakini baadaye ikagundulika kwamba valvu inayokaa na hita ya moto bila kupitisha mkondo hujenga tabaka lenye ukinzani kati ya nikeli ya kathodi na oksidi yake. Valvu ya namna hiyo, ukiishika mkononi, huwezi kuitofautisha na mpya.

Kwa EL84 yako, hesabu mkondo. Pima volti kwenye rezista ya kathodi ugawanye kwa omu zake. Tuseme rezista ni omu 270 na umesoma volti 9.5: mkondo ni takriban miliampea 35, na kama kati ya anodi na kathodi kuna volti 250, valvu inabeba karibu wati 9 kati ya 12 inazoruhusiwa, jambo lisilo na ubaya. Ukisoma volti 4 huku volti za anodi, za gridi ya pili na za hita zikiwa jinsi zinavyotakiwa, kathodi imechoka. Ukipata nafasi ya kutumia mashine ya kupimia, omba kwanza kipimo cha kugusana kwa vipande vya ndani, kisha kile cha uwezo wa gridi kuongoza mkondo, kwa sababu mashine nyepesi zinazopima wingi wa elektroni tu huisifu valvu ambayo haikuzi sauti. Baadhi ya mashine zina kitufe kinachopunguza volti ya hita kwa takriban asilimia 10. Kibonye: valvu yenye kathodi nzima itatikisa mshale kidogo, na iliyochoka mshale wake utashuka bila kusimama.